Yafaa Kujua: Vyeo katika Jamaa ya Kifalme ya Uingereza

Jioni ya tarehe 5 Februari, 1952, mwanamke kijana wa miaka 25 alipanda ngazi ya nyumba iliyojengwa juu ya mti mahali paitwapo Treetops, karibu na Nyeri, apate kutazama ndovu na wanyama wengine wakija kunywa maji. Jina lake rasmi siku hiyo lilikuwa Binti Mfalme Elizabeth, Duchess wa Edinburgh. Usiku ule ule baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki usingizini katika nyumba yake ya Sandringham huko Uingereza. Asubuhi yule mwanamke alishuka kutoka mtini akiwa Malkia, naye hajui. Habari zilimfikia baadaye mchana, katika nyumba ya Sagana ambayo Koloni ya Kenya ilimpa kuwa zawadi ya arusi yake. Mumewe ndiye aliyemwambia.

Hakuna mtu aliyemvika taji usiku ule, wala hakuna karatasi aliyotia sahihi. Taji alivikwa tarehe 2 Juni, 1953, baada ya miezi kumi na sita. Huko Uingereza mtoto wake Charles, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu, alipata cheo cha Duke wa Cornwall saa ile ile babu yake alipokata roho, bila ya mtu yeyote kumpa. Lakini cheo cha Mwanamfalme wa Wales, ambacho watu wengi hudhani ni cha mtoto wa kwanza siku zote, hakukipata mpaka mwaka 1958. Na Philip, mume wa Malkia, hakuongezewa cheo chochote siku ile, wala hakuwa mfalme hata siku moja mpaka alipofariki mwaka 2021.

Mambo hayo huwatatiza wengi. Sababu yake ni kwamba vyeo vya jamaa ile havitoki mahali pamoja. Kiti cha enzi ni jambo moja, jina la Mwanamfalme ni jambo la pili, na ukabaila kama ule wa Duke ni jambo la tatu. Mwenye shamba ataelewa upesi, maana hati ya shamba ni kitu kimoja, jina la ukoo ni kitu kingine, na kazi ya uchifu ni kitu kingine tena. Mtu mmoja aweza kuwa navyo vyote vitatu, na nduguye wa tumbo moja asiwe na hata kimoja.

KITI CHA ENZI

Jambo la kwanza ni urithi wa kiti. Watu hudhani kwamba mfalme humchagua atakayemfuata, au kwamba aweza kumnyima mtoto aliyemkosea. Sivyo. Urithi wa kiti cha Uingereza umewekwa na sheria ya Bunge, na msingi wake ni sheria ya mwaka 1701, inayosema kwamba kiti kitakwenda kwa wazao wa Sophia wa Hanover walio wa madhehebu ya Kiprotestanti. Mfalme mwenyewe hana uwezo wa kumpandisha mtu wala kumshusha katika foleni hiyo.

Tena, hata mfalme akitaka kujitoa hawezi kuondoka hivi hivi. Edward wa Nane, ambaye alizuru Kenya mwaka 1928 alipokuwa bado Mwanamfalme wa Wales, aliacha kiti mwezi wa Desemba, 1936, ili amwoe mwanamke wa Marekani, Wallis Simpson, aliyekwisha kupewa talaka. Ilimpasa atie sahihi hati ya kujiuzulu, kisha Bunge likapitisha sheria. Ndipo kiti kikaenda kwa mdogo wake, George wa Sita, na kwa njia hiyo kikamfikia Elizabeth.

Kwa karne nyingi sheria hiyo iliwatanguliza watoto wa kiume. Binti aliweza kurithi, lakini ndugu yake wa kiume akizaliwa, hata akiwa mdogo kwake kwa miaka kumi, alimpita. Ndiyo maana Elizabeth, ingawa alikuwa mtoto wa kwanza, hakupewa kamwe cheo cha Wales. Mpaka siku ya kufa kwa baba yake alihesabiwa kuwa mtu anayeweza kupitwa, kama angalizaliwa mtoto wa kiume.

Binti yake mwenyewe, Anne, ni mfano mwingine. Anne alizaliwa mwaka 1950, na wadogo zake Andrew na Edward walizaliwa mwaka 1960 na 1964. Hata hivyo wote wawili, pamoja na watoto wao, waliwekwa mbele yake katika foleni. Bunge lilibadili jambo hilo kwa sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwaka 2015, baada ya nchi nyingine zenye mfalme huyo huyo kukubali. Lakini sheria mpya yawahusu waliozaliwa baada ya tarehe 28 Oktoba, 2011 tu. Anne hakupata faida yake. Aliyeipata ni Charlotte, binti wa William, aliyezaliwa mwaka 2015, maana mdogo wake Louis alipozaliwa mwaka 2018 hakumpita dada yake.

Isidhaniwe kwamba desturi ya kumtanguliza mtoto wa kwanza ni ya wafalme wote duniani. Katika Buganda, mtoto wa kwanza wa kiume wa Kabaka huitwa Kiwewa, naye kwa desturi hatazamiwi kurithi kiti. Kila ufalme una njia yake.

JINA LA MWANAMFALME

Jambo la pili ni jina la Mwanamfalme au Binti Mfalme, pamoja na heshima ya kuitwa Mtukufu wa Kifalme. Hili halikuwekwa na Bunge. Linatoka kwa mfalme mwenyewe, naye hulitoa kwa waraka wenye muhuri mkuu wa nchi.

Waraka unaofuatwa mpaka leo uliandikwa mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mfalme George wa Tano aliona kwamba Wanamfalme wamekuwa wengi kupita kiasi, na tena jamaa yake ilikuwa na jina la Kijerumani wakati Uingereza ikipigana na Wajerumani. Mwaka huo huo alilibadili jina la nyumba yake likawa Windsor. Kisha akaweka kanuni kwamba heshima hiyo itakuwa ya watoto wa mfalme, na ya wajukuu wa mfalme waliozaliwa na watoto wake wa kiume, pamoja na mtoto wa kwanza wa kiume wa mtoto mkubwa wa kiume wa Mwanamfalme wa Wales. Basi. Wajukuu waliozaliwa na mabinti hawamo.

Kanuni hiyo ilimgusa hata Charles kabla hajazaliwa. Mama yake alikuwa binti wa mfalme, na kwa waraka wa 1917 watoto wa binti hawakuwa na haki ya kuitwa Wanamfalme. Mtoto ambaye angekuwa mfalme baadaye angezaliwa akiitwa kwa cheo kidogo cha baba yake. Ikambidi babu yake aandike waraka mwingine mwezi wa Oktoba, 1948, majuma machache kabla ya mtoto kuzaliwa, ili watoto wa Elizabeth wapate heshima hiyo.

Vivyo hivyo mwishoni mwa mwaka 2012, William na mkewe Catherine walipokuwa wakitazamia mtoto wa kwanza, Malkia aliandika waraka kwamba watoto wao wote watakuwa na heshima hiyo. Bila ya waraka huo mtoto wa kwanza wa kiume peke yake ndiye angaliipata. Kama angalitangulia kuzaliwa binti, angaliweza kuwa mrithi wa kiti kwa sheria mpya ya Bunge, na huku hana jina la Binti Mfalme kwa waraka wa zamani.

Watoto wa Anne, Peter na Zara, ni wajukuu wa Malkia kama walivyo William na Harry, lakini walizaliwa bila ya cheo chochote, kwa kuwa damu yao ya kifalme imepitia kwa mama. Hata hivyo wamo katika foleni ya urithi. Hapa msomaji ataona wazi kwamba kiti na jina havifuatani. Mtu asiye na cheo chochote aweza kuwa katika foleni ya ufalme.

Watoto wa Harry nao ni mfano. Archie alizaliwa mwaka 2019 na Lilibet mwaka 2021, wakati babu yao Charles alikuwa bado hajawa mfalme. Siku ile walikuwa vitukuu vya Malkia, na waraka haukuwahesabu. Tarehe 8 Septemba, 2022, Malkia Elizabeth alipofariki, wakawa wajukuu wa mfalme kwa mtoto wake wa kiume, na haki ya jina ikawafikia siku hiyo hiyo.

VYEO VYA KUPEWA

Jambo la tatu ni ukabaila. Makabaila wa Uingereza wana ngazi tano. Wa juu ni Duke, kisha Marquess, kisha Earl, kisha Viscount, na wa mwisho ni Baron. Vyeo hivi si vya jamaa ya mfalme peke yake. Lord Delamere, mlowezi ambaye jina lake lilijulikana sana katika Kenya, alikuwa Baron wa tatu wa jina hilo, yaani katika ngazi ya chini, wala hakuwa Mwanamfalme.

Desturi ni kwamba mtoto wa kiume wa mfalme akikua, na mara nyingi siku ya arusi yake, mfalme humpa ukabaila. Philip alipewa cheo cha Duke wa Edinburgh alipomwoa Elizabeth mwaka 1947. William alifanywa Duke wa Cambridge mwaka 2011, na Harry akafanywa Duke wa Sussex mwaka 2018. Kwa kawaida vyeo hivi hurithiwa, na urithi wake ni wa mtoto wa kiume. Lakini mfalme akitaka aweza kuutoa ukabaila uwe wa maisha ya mtu mmoja tu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2023, Mfalme Charles alipompa mdogo wake Edward cheo kile cha Duke wa Edinburgh.

Watu wa Nairobi wanaye Duke wao wa kumkumbuka. Mwaka 1950 Duke wa Gloucester, jina lake Henry, mtoto wa Mfalme George wa Tano, alileta hati iliyoufanya mji wa Nairobi kuwa jiji. Alipofariki mwaka 1974, cheo kilikwenda kwa mtoto wake Richard, ambaye ni mjukuu wa mfalme kwa mtoto wa kiume, na kwa hiyo alizaliwa Mwanamfalme. Lakini mtoto wa Richard ni kitukuu. Ana haki ya kurithi ukabaila wa Gloucester, ila hakuzaliwa Mwanamfalme wala Mtukufu wa Kifalme. Jina la ufalme huisha kwa mjukuu, na ukabaila huendelea mbele.

Viko vyeo viwili vya mrithi ambavyo hufanana kwa nje na kutofautiana kwa ndani. Cheo cha Duke wa Cornwall kiliwekwa mwaka 1337 na Mfalme Edward wa Tatu kwa ajili ya mtoto wake wa kwanza, pamoja na mashamba ya kumpatia mapato. Hiki humwendea mtoto mkubwa wa kiume wa mfalme papo hapo, na mapato ya mashamba yake humfuata. Cheo cha Mwanamfalme wa Wales hakirithiwi. Kila mara lazima mfalme akitoe upya. Charles alingoja miaka sita, akakipewa akiwa mvulana wa miaka tisa. William hakungoja hata siku mbili, maana baba yake alimtaja kwa cheo hicho tarehe 9 Septemba, 2022, siku ya pili ya kutawala kwake.

Cheo cha Binti wa Kifalme Mkuu nacho ni cha kupewa, nacho ni cha binti mkubwa wa mfalme kwa maisha yake yote. Akiwapo mmoja, mwingine hawezi kukipata. Anne alikipewa mwaka 1987.

WAKE NA WAUME

Mwanamke anayeolewa katika jamaa hiyo huchukua cheo cha mumewe. Mke wa Duke huitwa Duchess, na mke wa mfalme huitwa Malkia. Lakini mwanamume hapandi kwa cheo cha mkewe. Ndiyo maana Philip hakuitwa mfalme, na hata jina la Mwanamfalme wa Uingereza hakuwa nalo mpaka Malkia alipompa mwaka 1957, ingawa alizaliwa Mwanamfalme wa Ugiriki na Denmark.

Wazee wa Kenya walipata kuona jinsi mwanamke mmoja anavyoweza kubadilika jina. Mwaka 1924 alikuja nchini mke wa Duke wa York, kwa hiyo akaitwa Duchess wa York. Mumewe akawa Mfalme George wa Sita, naye akawa Malkia. Mume akafariki, binti akashika kiti, na nchi moja haiwezi kuwa na Malkia Elizabeth wawili bila ya kuwatenganisha. Akaitwa Malkia Mama, na kwa jina hilo alirudi Kenya mwaka 1959.

Neno hili Malkia lahitaji uangalifu. Elizabeth wa Pili alikuwa Malkia mwenye kutawala. Camilla, aliyekuja Nairobi na Mombasa pamoja na Mfalme Charles mwaka 2023, ni Malkia kwa kuwa ni mke wa Mfalme. Wote wawili huitwa Malkia, lakini wa kwanza alitia sahihi sheria, na wa pili hatii. Mfalme akifariki, kiti hakiendi kwa mkewe hata kidogo.

MPEWA HUPOKONYWA

Waswahili husema mpewa hapokonyeki. Katika vyeo vya jamaa hii, methali hiyo haisimami, kwa kuwa jina la Mwanamfalme na heshima ya Mtukufu wa Kifalme, zikitolewa kwa waraka, zaweza kuondolewa kwa waraka.

Edward wa Nane alipoacha kiti, ndugu yake alimpa cheo cha Duke wa Windsor. Lakini kabla ya arusi yake mwaka 1937, ulitolewa waraka kwamba heshima ya Mtukufu wa Kifalme ni yake peke yake, na mkewe hatakuwa nayo. Akawa Duchess, lakini hakuwa Mtukufu. Jambo hilo lilimuuma mumewe mpaka kufa kwake mwaka 1972.

Mwaka 1996, Diana alipopewa talaka na Charles, aliondolewa heshima ya Mtukufu wa Kifalme, akabaki na jina la Diana, Binti Mfalme wa Wales. Yeye alikuwa mama wa mfalme wa baadaye, na baba yake alikuwa Earl, wala hakuwa mfalme.

Mwaka 2025 lilitokea jambo zito zaidi. Mfalme Charles alimwondolea mdogo wake Andrew jina la Mwanamfalme na heshima zake, baada ya miaka mingi ya lawama juu ya urafiki wake na Jeffrey Epstein, Mmarekani aliyehukumiwa kwa makosa juu ya wasichana wadogo. Andrew alikuwa na jina hilo tangu kuzaliwa kwake. Lakini tangazo la Mfalme halikugusa nafasi yake katika foleni ya urithi, kwa kuwa ile ni mali ya sheria, na mfalme haifuti kwa kalamu yake. Wala mabinti zake wawili hawakupoteza jina lao, maana walilipata kwa kuwa wajukuu wa Malkia, na kosa la baba halikuandikwa juu yao.

Kenya yenyewe iliwahi kuwa na sehemu katika mambo haya. Tangu tarehe 12 Desemba, 1963 mpaka tarehe 12 Desemba, 1964, Elizabeth alikuwa Malkia wa Kenya, nchi huru, mpaka ilipokuwa Jamhuri. Baada ya hapo alibaki kuwa Mkuu wa Jumuiya ya Madola tu, na cheo hicho hakirithiwi kwa damu. Charles alikipata kwa sababu viongozi wa nchi za Jumuiya walikubaliana mwaka 2018 kwamba yeye ndiye atakayemfuata mama yake.

Basi msomaji akisoma habari za jamaa hii katika gazeti, au akisikia watu wakibishana juu ya nani mkubwa na nani mdogo, na aulize mambo matatu. Je, jambo linalosemwa ni kiti? Hapo jibu limo katika sheria ya Bunge. Je, ni jina la Mwanamfalme? Hapo atazame waraka wa 1917 na nyaraka zilizoufuata. Je, ni ukabaila? Hapo aulize ni mfalme gani aliyeutoa, na kama ni wa kurithiwa au ni wa maisha ya mtu mmoja. Mtu akitenga mambo hayo matatu, mabishano mengi yatakwisha kabla chai haijapoa.